Mtandao wa redio bondeni Nyamwamba: shajara ya mradi

Januari, jua kali

Ninachokitaka kinasemeka kwa sentensi moja: kompyuta iliyoko Kyanjuki, juu bondeni Kilembe, iandikiane na kompyuta iliyoko kibandani kwangu mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, bila kupitia mnara wa kampuni ya simu na bila kutegemea umeme wa nguzo. Maneno tu. Picha na video wabaki nazo wenyewe.

Sababu anaijua kila anayeishi huku. Mto Nyamwamba unatoka juu Rwenzori, unapita katikati ya Kilembe, kisha unaingia mjini. Tarehe 1 Mei 2013 ulifurika ukabeba nyumba na madaraja, ukaingia hadi hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia. Usiku wa namna hiyo walio juu ndio wa kwanza kujua, walio chini ndio wenye haja ya kujua, na simu zilizo katikati yao ama hazina mtandao ama hazina chaji.

Mwenzangu katika kazi hii ni mzee wa Kyanjuki aliyekuwa fundi umeme mgodini, enzi shaba ya Kilembe ingali ikisafirishwa kwa reli iliyofika Kasese mwaka 1956. Yeye ni Mkonzo, mimi ni mtu wa Busia. Tunaongea Kiswahili kile cha mgodini, chenye maneno ya Kongo humu na humu. Nilipomweleza mpango wangu alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

“Mwanangu, hiyo mashine yako ikisema, na pasipo na mtu wa kuijibu, itajuaje kama imesikika?”

Nikamwambia, mzee, hilo tutalifikia. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Januari, mwishoni: kuchagua redio

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni Wi-Fi ya kawaida, rauta za mitumba na antena za makopo. Isidharauliwe hata kidogo: mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake kule Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyoachana kilomita 382 kwa rauta za dukani na madishi. Na hapa hapa kwetu, Gulu, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki ulianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa redio za masafa marefu na umeme wa jua. Kwa hiyo umbali peke yake si wa kuogopa.

Ninachokiogopa ni majani. Wi-Fi iko 2.4 GHz, mawimbi ya sentimita 12.5, na migomba iliyolowa mvua huyanyonya mawimbi hayo vibaya sana. Tena rauta hunywa umeme mchana na usiku, na kituo cha katikati kitakaa mgongoni mwa kilima ambako hakuna chochote ila kahawa na mbuzi. Rauta pale ingedai paneli kubwa, na paneli kubwa hudai mlinzi.

Njia ya pili ni moduli za HC-12. Ni kipande cha saketi kisichofika sentimita 3 urefu, ndani yake mna chipu ya Si4463, inafanya kazi kuanzia 433.4 MHz, na inaongea na kompyuta kwa waya mbili tu za kutuma na kupokea. Nguvu yake ya juu kabisa ni miliwati 100. Ikiwa inasikiliza tu hutumia kama miliampea 16, kiasi ambacho hata betri kuukuu inakimudu. Ubaya wake ni mwendo wa konokono: ukiiacha jinsi ilivyotoka kiwandani inakupa biti 9600 kwa sekunde, na ukitaka ifike mbali zaidi inabidi uipunguze.

Nimechukua HC-12. Neno “mafuriko” lina herufi nane. Halihitaji barabara ya lami.

Februari, mwanzoni: antena

Ile springi ndogo ya shaba wanayoiweka kwenye pakiti ya moduli nimeigawa kwa watoto wa jirani wacheze nayo. Mawimbi ya 433.4 MHz yana urefu wa sentimita 69, robo yake ni 17.3, na waya mnyoofu wa urefu huo tayari unaizidi springi ile mara nyingi. Lakini kwa kilomita kadhaa tunahitaji antena inayotazama upande mmoja.

Nimetengeneza za vipande vitatu, kwa futikamba ya chuma ya fundi seremala na bomba la plastiki la maji. Kipande cha nyuma, kinachorudisha mawimbi mbele, ni sentimita 34 na kidogo. Cha katikati nimekikata pawili na hapo ndipo waya unapounganishwa. Cha mbele ni kifupi, 31 hivi. Kutoka kipande hadi kipande, kama sentimita 14. Uzuri wa futikamba ni kwamba ikipigwa na tawi hujikunja halafu hurudi. Ubaya wake ni rangi: rangi ile ya manjano haikubali risasi ya kulehemu mpaka uikwangue kwa msasa hadi chuma king’ae, na hata hapo chuma kinahitaji moto mwingi. Nilipaka kwanza risasi kwenye chuma peke yake, nikaacha kipoe, ndipo nikaleta waya.

Kuhusu waya wa kushuka kutoka antena, hapa nina maoni yangu. Vitabu vyote vinasema redio ya namna hii inataka koaksi (waya wa antena, kama ule wa dishi) ya omu 50. RG-58, ambayo ndiyo ya omu 50 inayopatikana kwa bei ya kawaida, hupoteza karibu desibeli 4 kwa mita 10 katika masafa haya, yaani zaidi ya nusu ya nguvu inaishia ndani ya waya. RG-6 ya madishi ya TV ni omu 75, lakini kwa mita hizo 10 haipotezi hata desibeli 2. Kutolingana kwa 75 na 50 kunarudisha asilimia 4 tu ya nguvu. Mafundi dishi wanauza vipande vilivyobaki kwa bei ya soda. Nimetumia ya dishi, na atakayenicheka aje na kipimo chake.

Kipimo changu mimi ni kijiti cha USB cha RTL-SDR, kile kilichotengenezwa awali kwa kupokea televisheni kwenye kompyuta. Hakikuambii desibeli kamili, ila kinaonyesha mnara wa mawimbi ukipanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta. Unazungusha antena taratibu, unatazama mnara. Antena ya kwanza ilipogeuzwa mgongo mnara ulizama karibu kupotea. Basi inatazama mbele kweli.

Februari, katikati: kutafuta kilima

Kutoka kibandani Kyanjuki haionekani. Bonde linapinda, na mgongo wa kilima umekaa katikati kama ukuta. Kwa hiyo lazima kituo kimoja kikae juu ya mgongo huo, kione pande zote mbili.

Mzee ndiye aliyekuja na dawa. Alipanda kilimani asubuhi na kioo chake cha kunyolea ndevu, mimi nikapanda juu ya bati la kibanda na darubini ya kuazima. Tulipatana kwamba saa nne akifika mahali panapoonekana mji atamulika jua kuelekea kwangu. Ilipita nusu saa sioni kitu, halafu pakatokea nuru kama cheche, ikazimika, ikawaka tena. Nikampigia simu: “Hapohapo, mzee! Usisogee!” Akajibu kwamba hapohapo ni katikati ya kahawa ya watu, na mwenye kahawa yuko mbele yake anauliza kioo ni cha nini.

Mwenye shamba alikubali, kwa masharti mawili: tusikate mti hata mmoja, na taa moja ya sola iwake nyumbani kwake. Sharti la taa ni rahisi. La miti ndilo lililonipa kazi.

Kuona kwa macho hakutoshi. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye uzi mwembamba. Yanajaza nafasi iliyonenepa katikati na kuchongoka nchani, na nafasi hiyo ikizibwa ishara inadhoofika hata kama kioo kinaonekana vizuri. Kutoka kibandani hadi mgongoni ni kilomita kama 6. Kwa 434 MHz unene huo pale katikati unafika mita 32 kila upande wa mstari, na inafaa asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 19 na ushei. (Kwa Wi-Fi unene mzima ungekuwa mita 14 tu badala ya 32. Hapo nakubali, Wi-Fi inanishinda.) Upande wa mji hakuna shida, kilima kinaporomoka kwa kasi na chini yake ni hewa tupu. Upande wa Kyanjuki kuna mstari wa mikalitusi. Tukasogeza mlingoti hatua chache upande wa juu, nje ya kahawa, mpaka mzee aliposema anaiona paa ya nyumba yake bila kuchungulia matawini.

Februari, mwishoni: jerikeni

Kituo cha mgongoni kinakaa ndani ya jerikeni ya manjano ya lita 20, ile ya mafuta ya kupikia. Nimeikata kitako, nikaigeuza mdomo chini, nikaining’iniza chini ya paneli. Mvua haina pa kuingilia, na mdomo ulioachwa wazi unatoa unyevu. Nimefunga mdomo huo kwa kipande cha chandarua, kwa sababu ya nyigu. Wiki ya kwanza kabla ya chandarua walishaanza kujenga juu ya betri.

Ndani mna Arduino Nano moja (kompyuta ndogo ya kipande kimoja cha saketi), HC-12 moja, betri ya pikipiki ya volti 12 na kidhibiti chaji. Vyote pamoja vinatumia chini ya miliampea 50, kwa hiyo hata jua likikosekana siku kadhaa kituo hakizimi. Niliangalia sana kile kisaketi cha kushusha volti 12 hadi 5. Vya bei rahisi vinashusha kwa kuwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele yake inamwagika kwenye redio. Kijiti cha RTL-SDR kilionyesha sakafu yote ya masafa imeinuka mara tu kilipowashwa. Nimekifungia ndani ya kopo la bati, nikapitisha waya zake kwenye pete ya feriti iliyotoka kwenye kebo ya kioo cha kompyuta ya zamani, na nikakiweka mbali na moduli kadiri jerikeni inavyoruhusu. Sakafu ikashuka.

Antena mbili, moja inatazama mji, nyingine inatazama bondeni. Fundi dishi aliyenisaidia kupanda mlingoti aliifunga ile ya bondeni kwa mlalo, kwa mazoea ya TV, wakati ya Kyanjuki imesimama wima. Kwenye hesabu, antena moja ikilala na nyingine ikisimama unaweza kupoteza desibeli 20, na kwenye kioo ndivyo ilivyoonekana. Nilimwomba aizungushe. “Kaka, hiyo itakuwa imekaa vibaya,” akasema, lakini aliizungusha, na mnara wa mawimbi ukaruka juu mbele ya macho yake. Siku hizi naye anauliza maswali kuhusu masafa.

Machi, mwanzoni: maneno ya kwanza

Herufi zimepita. Kutoka laptopu ya mzee hadi mgongoni, hadi kibandani. Ya kwanza ilikuwa “JAMBO FUNDI MVUA IMEANZA HUKU”, na kweli juu ya Kyanjuki wingu lilikuwa limeshuka.

Nilijaribu pia kuufanya mtandao wa intaneti kamili, pakiti za IP (vifurushi vya data vya intaneti) juu ya zile waya mbili za kutuma na kupokea kwa SLIP, ule utaratibu wa zamani ambao Linux bado inaujua. Ping, ujumbe mfupi wa kujaribu njia, inakwenda na inarudi. Ukifika kwenye kufungua ukurasa, uzito unaonekana: pakiti ya kawaida ya baiti 1500 inachukua zaidi ya sekunde moja na nusu kupita kwenye biti 9600, na HC-12 haiwezi kusikia huku inasema. TCP, utaratibu wa intaneti wa kuhakikisha pakiti imefika, ikikosa jibu mapema hudhani pakiti imepotea, hutuma tena, na kutuma tena huko ndiko kunakoziba njia. Unaweza kupunguza pakiti hadi baiti 296, unaweza kurefusha subira, lakini mwishowe utakuwa umejenga gari la kubebea barua moja.

Nimeiacha IP. Nimeandika programu ndogo kwa lugha ya Python: jina la anayetuma, jina la anayetumiwa, namba ya ujumbe, maneno, na mwishoni tarakimu za CRC za kuthibitisha kwamba hakuna herufi iliyoharibika njiani. Ujumbe wa herufi 60 unapita angani kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Machi, katikati: wanaogongana

Sasa tumeongeza kituo cha Bulembia, kwa mama mwenye duka la dawa. Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Bulembia na Kyanjuki hazisikiani. Kila moja inausikia mgongo wa kilima vizuri kabisa, lakini kati yao kuna mwamba. Kwa hiyo ule utaratibu wa adabu, sikiliza kwanza, kukiwa kimya ndipo useme, hausaidii kitu. Kyanjuki anasikiliza, anasikia kimya, anasema. Bulembia naye anasikiliza, anasikia kimya kilekile, anasema. Sauti zote mbili zinafika mgongoni kwa pamoja na mgongo unapata uchafu. CRC inaukataa uchafu huo, na hakuna ujumbe hata mmoja unaofika mjini. Nilimwomba mzee na mama wabonyeze kwa hesabu ya simu, “moja, mbili, tatu”, nikatazama kioo changu. Hakuna kilichotokea.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko mimi. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha ALOHAnet, kompyuta za visiwani kuongea na kompyuta kuu kwa redio, kwa mwendo uleule wa biti 9600. Dawa yao ilikuwa ya ajabu kwa wepesi wake. Ukitaka kusema, sema. Usipopata jibu kwamba umesikika, subiri muda wa kubahatisha, sema tena. Kwa kuwa kila mmoja anabahatisha wake, ni nadra mgongano kurudia kati ya walewale wawili. Kutoka kwenye wazo hilo ndiko ilikotoka baadaye Ethernet, mtandao wa waya wa kompyuta za maofisini. Bei yake ni kwamba njia haijazwi: hata mambo yakienda vizuri kabisa, ni asilimia 18.4 tu ya muda inayobeba ujumbe mzima; ukisukuma zaidi ya hapo migongano inakula kila kitu.

Kwa vituo vyetu vitatu asilimia 18 ni utajiri. Siku ya kawaida hatutumii hata asilimia 1. Nilikaa na ALOHA siku kadhaa na haikunisumbua. Lakini mtandao huu haukujengwa kwa ajili ya siku ya kawaida. Siku mto ukija, kila mtu atabonyeza, atabonyeza tena, atauliza, atajibu, vyote ndani ya dakika zilezile, na ALOHA huanguka saa hiyohiyo watu wanapoihitaji.

Na bado lile swali la mzee la Januari. Katika ALOHA anayesema anajua kama amesikika. Mimi niliyeko mjini sijui kitu. Kioo changu kikiwa kimya, je, mto umetulia, au laptopu ya Kyanjuki imezima tangu jana?

Kwa hiyo nimebadilisha. Mgongo wa kilima sasa ndiye mwitaji. Kila sekunde 10 anaita kwa majina: Kyanjuki? Bulembia? Mji? Aliyeitwa ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusema, na asipokuwa na la kusema anajibu “nipo”. Hakuna mgongano kwa sababu hakuna wawili wenye zamu moja. Ujumbe wa hatari utasubiri zaidi ya sekunde 10 ikiwa tu mgongo wenyewe umekufa, na ukifa hakuna njia nyingine hata hivyo. Gharama ya umeme ni ndogo kiasi cha kuchekesha: wito mmoja unachukua chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na hata redio inapokula miliampea 100 wakati wa kutuma, wastani wake hauongezi hata miliampea 3.

Kituo kikiitwa mara tatu mfululizo bila kujibu, kioo cha mjini kinaandika kwa nyekundu: KYANJUKI KIMYA. Na wito wenyewe usiposikika mjini, kinaandika MGONGO KIMYA. Kwa maoni yangu mistari hiyo miwili ya programu ina thamani kuliko antena zote. Nilipomwonyesha mzee aliifunika betri ya laptopu kwa kiganja, akaichomoa, akaniambia nipige simu mjini. Kijana anayenishikia kibanda akajibu: “Imeandika nyekundu.” Mzee akairudisha betri, hakusema neno, akaenda kutafuta chai.

Machi, mwishoni: nguvu na ruhusa

Kila anayepita kibandani anauliza jambo moja: inafika kilomita ngapi, na ukiongeza nguvu? Nimefanya kinyume. Nimezipunguza. HC-12 ina ngazi nane za nguvu, kila ngazi ni desibeli 3, ya nane ndiyo miliwati 100. Tumeshuka hadi ya nne, miliwati kama 6, na hakuna kituo kilichokosa wito. Hesabu inakubali: kilomita 6 za hewa wazi katika masafa haya zinapoteza kama desibeli 101, na kwa antena zetu bado inafika ishara yenye nguvu maradufu kadhaa ya kile masikio ya moduli yanachohitaji. Antena ikiona antena, kelele haina kazi. Isipoiona, hata miliwati 100 hazipenyi mwamba.

Kuna na sababu ya pili. Masafa si pori. Moduli hii inakupa chaneli 100, kutoka 433.4 hadi 473 MHz, na ukiwa na vidole vyepesi utajikuta juu ya redio za watu wenye leseni zao. Katika eneo letu la ITU, shirika la kimataifa linalogawa masafa, kipande cha vifaa vidogo kama hivi ni 433.05 hadi 434.79 MHz, ambamo chaneli nne za kwanza tu ndizo zinazoingia, na hata kipande hicho kimo ndani ya masafa ya redio ya ridhaa, wale ambao alama zao Uganda huanza na 5X. Msimamizi ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Barua ya kueleza tunachofanya, wapi, kwa nguvu gani na kwa nini, imeshaandikwa na mwenyekiti wa LC I, baraza la kijiji, ameigonga muhuri. Nguvu ndogo inafanya barua hiyo iwe fupi.

Tuko chaneli ya 4, 434.6 MHz. Ya 2 nimeikwepa kwa makusudi, iko karibu mno na 433.92 ambako rimoti nyingi za mageti na magari hupiga kelele.

Aprili, mvua

Radi. Nchi hii inajua radi. Mwaka 2011 iliua watoto darasani katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Shule moja huku ilitupa ruhusa tuweke antena juu ya paa la darasa, mahali pazuri kuliko popote, nikakataa. Milingoti yetu yote iko mbali na nyumba, kila mmoja una waya mnene wa shaba unaoingia ardhini kwenye chuma kilichopigwa hadi udongo wenye unyevu, na koaksi inapita hapo kwanza kabla ya kugeuka kuelekea ndani. Ngurumo zikikaribia, Bulembia na mji wanachomoa koaksi zao, kioo kinaandika wako kimya, nasi tunajua kwa nini. Kyanjuki haichomolewi. Huyo ndiye tunayemsikiliza, na mzee anakaa mbali na laptopu. Kitufe chake kiko mwisho wa waya mrefu, ukutani, ni kile cha kengele ya mlango.

Kuhusu kupima maji kwa kifaa: nilileta wazo la kipimo kinachopima kina cha maji kwa mwangwi wa sauti kining’inizwe darajani. Mzee alinitazama kwa huruma. “Daraja lenyewe liliondoka. Hiyo dude yako itashikilia nini?” Badala yake amepaka rangi nyeupe alama tatu kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba ya jirani yake, mwamba ambao anasema tangu utoto wake haujasogea. Tena anasema alama ni za mchana. Usiku kinachotangulia ni mlio wa mawe yanayogongana chini ya maji, na aliyelala karibu na mto huamka kabla ya kuona kitu. Mashine ya kusikia mawe sina. Mzee ninaye.

Kwa upande wa mji tumekubaliana ujumbe hauendi moja kwa moja kwa watu. Kompyuta ya kibandani inalia, anayeshika zamu anampigia mwenyekiti wa LC, na mwenyekiti ndiye anayetoa amri ya kugonga rimu ya lori iliyoning’inizwa mwembeni. Hili lilichukua vikao vingi kuliko antena. Wengine walitaka king’ora kijilie chenyewe. Mimi nilikuwa upande wa mwenyekiti: ikilia bure mara mbili, ya tatu hakuna atakayeinuka kitandani.

Aprili, mwishoni

Mvua ilinyesha juu kuanzia magharibi. Saa tatu usiku Kyanjuki akaandika “ALAMA 1”. Saa nne na nusu: “ALAMA 2. MAWE HAYAJAANZA.” Nikamjulisha mwenyekiti, akaja kibandani na koti la mvua, akakaa kwenye kreti ya soda mbele ya kioo. Umeme wa mji ulikatika. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibandani, ikaendelea kwa betri. Kila sekunde 10, nipo, nipo, nipo. Bulembia akachomoa, akawa kimya. Saa saba kasoro: “INASHUKA. ALAMA 1.” Mwenyekiti akauliza kama anaweza kumjibu mzee yeye mwenyewe, nikampisha kiti, akaandika kwa kidole kimoja: “ASANTE MZEE LALA SASA”. Jibu likaja zamu iliyofuata: “SILALI BETRI YA TAA IMEBAKI NUSU LETENI NYINGINE.”

Betri nyingine imeshapelekwa na bodaboda. Yaliyobaki: kutafuta kituo cha nne kule chini ambako mto unaachana na mji, kubadilisha kipande cha nyuma cha antena ya Bulembia ambacho kutu imeanza kukila pale nilipokwangua rangi, na kusubiri majibu ya barua. Wenye moduli za HC-12 Kasese na vitongoji vyake, wawe wanafunzi au mafundi wenzangu: chaneli ya 4 ina wenyewe, tafadhali tumieni ya 1, au njoni kibandani niwape jina na zamu kwenye wito.